Kikombe cha Siku ya Tisa

Kiwandani kwao jina lake halisi limo kwenye kitabu cha mahudhurio tu, na hata karani hulisoma kwa kusitasita. Kila mtu anamwita Geuza. Ndilo neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni. Anakaa kwenye meza ya ukaguzi, ile iliyo kati ya vyerehani na pasi, na kila shati linaloshonwa na mafundi arobaini wa ukumbi ule lazima lipite mikononi mwake. Fundi analeta shati limenyooka, kola imesimama, vifungo vimekaa kama askari kwenye gwaride. Yeye hata halitazami. "Geuza," anasema. Nje kila mtu anajua kupamba. Ndani ndiko kwenye uzi uliokatika, mshono ulioruka, na pindo lililoshonwa chapuchapu ili mtu awahi chai.

Ana miaka arobaini na sita, na ishirini na mitatu kati yake ameimalizia kwenye meza hiyo. Msimamizi anamsifu kwamba hajawahi kupitisha nguo mbovu. Mafundi nao wanasema hajawahi kupitisha hata salamu bila kuikagua kwanza.

Na kweli, ukimsalimia "habari za leo", anakutazama kidogo kuona unataka nini. Maziwa anayanusa mbele ya muuzaji. Mkate anauminya pande zote mbili. Simu ikiita kwa namba asiyoijua, anaipokea na kukaa kimya mpaka aliyepiga ajitaje mwenyewe. Aliwahi kuwa na mume, fundi bomba, mtu mpole asiye na maneno. Mume huyo alivumilia miaka minne, kisha akaaga na begi lake moja, akisema amechoka kuulizwa alikotoka kabla hajavua viatu. Cha kusikitisha ni kwamba siku zote hizo alikuwa akitoka kazini kweli.

Mtoto wa tumbo lake hakujaliwa; mimba mbili alizoshika zilitoka. Lakini mtoto anaye, tena wa kumpigania. Ni binti wa dada yake mkubwa, aliyeachwa na mama yake akiwa na siku tisa. Geuza, wakati huo msichana wa miaka ishirini na miwili, alimpokea akiwa amefungwa kwenye taulo, na hajamwachia tangu hapo. Mtaa mzima unajua kwamba yeye ni mama mdogo wake. Binti naye anajua, ila anamwita Mama, na hakuna aliyewahi kumsahihisha. Leo binti huyo ni mwalimu wa darasa la kwanza, ameolewa na fundi wa mafriji, na mwaka tunaousimulia alikuwa na mimba yake ya kwanza.

Kitu kimoja zaidi binti alikijua tangu alipoanza kuelewa maneno: mama yake hakufa hivihivi. Aliuawa na mkunga.

Mkunga huyo anaishi mitaa miwili nyuma ya kwao, kwenye nyumba yenye kamba ndefu za kuanikia nguo. Zamani alikuwa akizalisha wanawake wa mtaa wote ule, na siku hizi ni dobi. Mambo yaligeuka hivi. Dada mtu alijifungua salama mikononi mwa mkunga huyo, bila shida yoyote. Siku ya tisa asubuhi mkunga akaja kumtazama mzazi na mtoto, akambonyeza tumbo kwa mikono, akampa kikombe cha kitu akanywa, akaondoka. Saa sita mchana damu ikaanza kutoka. Ilitoka mpaka godoro likalowa, mpaka sakafuni, na kabla jua halijazama dada mtu alikuwa ameshakata roho njiani kuelekea hospitali. Geuza ndiye aliyekuwa chumbani, na ndiye aliyekiona kikombe. Ndani ya juma moja habari za kikombe kile zilikuwa zimeingia kila nyumba, na ndani ya mwaka hakuna mwanamke aliyemwita tena mkunga yule. Kwa miaka ishirini na minne Geuza akienda sokoni anazunguka njia ndefu ya ghala la mbao, asiipite ile nyumba yenye kamba.

Sasa jino. Mimba ilikuwa ya miezi miwili, bado haijaonekana, binti alipong'olewa jino la nyuma. Jino lenyewe lilitoka kwa dakika tano. Damu ilitoka siku mbili. Alikuwa akibadilisha pamba kila nusu saa, anafundisha watoto herufi huku shavu limejaa. Alipomrudia daktari wa meno, yule daktari aliziba lile shimo, akamtazama usoni, akamuuliza kama hali hii imewahi kumtokea. Kisha akaandika barua ya kwenda kliniki ya damu katika hospitali kubwa, akaifunga kwenye bahasha.

Bahasha iliyofungwa! Kwa Geuza hilo tu lilitosha. Aliishika mbele ya dirisha, akaipindua juu chini, hakuona kitu. "Huyu amekuchana ufizi," alimwambia binti, "sasa anataka wenzake wamfichie. Kwanza wewe mjamzito. Ukienda huko watakunyonya damu, na damu yenyewe umeshaimaliza. Subiri mimba itulie."

Binti alikuwa amechoka, na damu ilikuwa imekauka. Akamwachia mama yake barua. Ikalala kwenye droo ya Geuza miezi minne, chini ya chaki na mikasi.

Ni nesi wa kliniki ya wajawazito aliyeifufua. Alimuuliza binti kama amewahi kung'olewa jino au kufanyiwa upasuaji, binti akasema lile jino, nesi akakunja uso na kutaka kuiona barua. Hivyo mimba ya miezi sita tumboni, wakaenda kliniki ya damu, Geuza mbele, mkoba ubavuni, macho yakihesabu milango.

Chumba cha kutolea damu kilikuwa na kiti chenye mkono mpana, kabati la kioo na kikapu cha pamba. Mtaalamu wa maabara alipanga vichupa vitano vyenye vifuniko vya bluu.

"Vitano vya nini?" Geuza akauliza. "Mtu mmoja huyu."

"Kila kimoja kina kipimo chake, mama."

"Na inayobaki inakwenda wapi?"

"Haibaki." Mtaalamu akamwonyesha mstari mwembamba kwenye kichupa. "Unaona hapa? Damu ifike hapa hapa. Ikipungua kidogo tu, natupa naanza upya, maana jibu litakuwa la uongo."

Geuza akautazama mstari ule. Mtu anayetupa kazi yake kwa sababu ya mstari mmoja, huyo alimwelewa. Lakini akavihesabu vichupa vilipotoka chumbani, na akavihesabu tena vilipoingizwa kwenye sanduku la barafu.

Binti akiwa bado amekaa na pamba mkononi, Geuza akaitwa kwenye chumba cha daktari wa damu. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani imemshuka puani, dawati limejaa mafaili. Hakutabasamu, jambo ambalo Geuza alilipenda.

"Wewe ni nani wake?"

"Mama yake."

"Mama mzazi? Ndiwe uliyembeba tumboni?"

Hapo ndipo angesema kweli. Ilikuwa rahisi, maneno matatu tu. Lakini angesema dada yake ndiye aliyezaa, angeulizwa dada yuko wapi. Angesema amekufa, angeulizwa amekufa na nini. Angesema damu, na watu wa hospitali wanalindana, huyu naye angetafuta namna ya kumsafisha mkunga. Isitoshe, mambo ya damu kwao hayasemwi. Bibi yao aliwafundisha wote wawili, yeye na dada yake, siku zile za mwezi zivaliwe nguo nyeusi, kitambaa kikunjwe mara nne, ukiinuka kwenye kiti utazame nyuma, na usimwambie mtu. Siku nane, siku kumi, siku kumi na mbili. "Sisi damu yetu ni nyingi," bibi alikuwa akisema, karibu kwa majivuno. Geuza alifanya kazi miaka yote hiyo akiwa amekalia taulo, na kiwanda kizima hakikujua.

"Ndiyo," akasema. "Nilimzaa mimi."

"Ulipojifungua damu ilikuwaje?"

"Kawaida."

"Hata baada ya wiki moja, mbili?"

"Kawaida, daktari."

"Kwenye ukoo wenu kuna mwanamke anayetokwa na damu kupita kiasi? Hedhi ndefu, damu za pua, jeraha dogo lisilokauka?"

"Hakuna."

Daktari akaandika. Geuza akatazama kalamu ikienda, hakupepesa macho.

Majibu yakatoka baada ya wiki mbili, na yalikuwa mazuri. Karatasi nzima, kila namba iko ndani ya mipaka. Geuza akafurahi kupita kiasi. Aliisoma kwa sauti, akaipitisha kwa mkwe wake, akaibandika kwenye mlango wa friji. Mwanamke asiyemwamini hata muuza mkate aliiamini karatasi ile mara moja, kwa kuwa ilisema alichotaka kusikia.

Siku tatu baadaye simu ikaita. Akaipokea, akanyamaza.

"Mimi ni daktari wa damu," sauti ikasema. "Najua unanisikia, unapumua. Naomba uje kesho. Peke yako."

Alikwenda roho juu. Daktari hakumkaribisha chai wala hakumuuliza habari za nyumbani. Aliweka karatasi mbili mezani, ubavu kwa ubavu.

"Hii ni fomu aliyojaza binti yako mapokezi. Soma hapo kwenye mama mzazi."

Mwandiko wa mwalimu, duara na safi: *marehemu*.

"Na haya ndiyo uliyoniambia wewe. Mmoja wenu ananidanganya, na yeye hana sababu."

Miaka ishirini na mitatu Geuza ndiye aliyekuwa akiwakamata wengine; hakujua kiti cha aliyekamatwa kina baridi namna ile.

"Lakini majibu yake ni mazuri," akasema. "Karatasi imesema."

"Karatasi hiyo siiamini." Daktari akavua miwani. "Sikiliza, mama. Ndani ya damu kuna kitu kinachoishikanisha ili jeraha lizibe. Wako watu wanaozaliwa nacho kidogo. Wanakirithi, kwa mama au kwa baba. Si ugonjwa wa kuambukiza, si laana. Sasa mwanamke akishika mimba, mwili unakipandisha kitu hicho wenyewe. Miezi miwili kilikuwa bado chini, ndiyo maana jino likavuja. Mngekuja wakati ule ningekiona. Mmekuja miezi sita, kimepanda, kila namba inapendeza. Barua ilikaa wapi muda wote huo?"

"Kwenye droo," Geuza akasema.

"Ya nani?"

"Yangu."

Daktari hakumfokea. Ingekuwa afadhali angemfokea.

"Kwa hiyo damu ya binti haiwezi kuniambia kitu mpaka azae. Nimebaki na ukoo wake tu, na ukoo wake ni wewe. Mama yake alikufa na nini?"

Kwa mara ya kwanza Geuza aliona hatari iko upande gani. Hakuwa akichagua tena kati ya kumsafisha mkunga na kutomsafisha. Binti yake angezaa baada ya miezi miwili na nusu, na mtu huyu mwenye miwani alikuwa akitafuta njia ya kumwacha hai. Akapiga moyo konde.

"Damu. Alizaa vizuri. Ilianza baadaye."

"Baadaye lini?"

"Siku ya tisa."

Daktari akaweka kalamu chini. "Siku ya tisa," akarudia, kama mtu anayesoma kitu alichokwisha kukiona mahali. "Mama, mimba inakipandisha kitu kile. Mtoto akitoka, kinaanza kushuka. Siku ya kwanza, ya pili, mzazi yuko sawa, watu wanashangilia. Wiki ya kwanza au ya pili kinafika chini kabisa, na hapo ndipo wanawake wa namna hii wanapovuja."

"Hapana," Geuza akasema. "Kuna mkunga alikuja asubuhi ile. Alimbonyeza tumbo. Alimpa kitu anywe."

"Mkunga simjui. Sikuwepo, na miaka imepita mingi, siwezi kukuapia. Lakini kama dada yako alikuwa na ninachokishuku, angevuja hata mkunga angekaa kwake." Akavaa miwani. "Nipe mkono wako nipime. Wewe huna mimba ya kunidanganya."

Alikaa kwenye kile kiti chenye mkono mpana. Safari hii hakuhesabu vichupa. Alipoulizwa hedhi yake hukaa siku ngapi, alisema kumi, wakati mwingine kumi na mbili, na mtaalamu wa maabara aliposimama kumtazama, Geuza akashangaa kuona kumbe watu wengine hawako hivyo.

Majibu yake yalikuwa mabaya kiasi kwamba daktari aliyarudia mara mbili kabla ya kumwambia. Kile kitu kilikuwa chini mno. Miaka yote ya nguo nyeusi, miaka ya kuishiwa nguvu kwenye ngazi za kiwanda, na zile mimba zake mbili zilizotoka na kumlaza wiki mbili mbili, kumbe ugonjwa una jina, una faili, na una dawa. Akapewa vidonge vya kumeza siku za mwezi. Mwezi ule damu yake ilikaa siku tano. Akaketi kitandani akalia, na hakuwa na hakika analilia nini.

Kisha akamwambia binti. Alimweleza kila kitu alichoelezwa na daktari, mezani, sufuria ya chai kati yao. Binti alisikiliza huku mkono uko tumboni.

"Kwa hiyo yule mkunga hakumuua mama," akasema mwishoni.

"Daktari anasema hawezi kuapa."

"Mama, nimekuuliza wewe."

Geuza akainuka kuosha vikombe. Akaviosha muda mrefu sana.

Mpango uliandikwa kwenye karatasi yenye mhuri, na Geuza akataka nakala tatu: moja kwa binti, moja kwa mkwe, moja kwenye mkoba wake. Azalie hospitali kubwa, si kwingine. Asipigwe sindano ya msuli. Asipewe zile dawa za maumivu zinazolainisha damu, na Geuza, aliyekuwa akimpa hizo hizo kila kichwa kinapouma, alisoma mstari huo mara kadhaa. Akishazaa, ameze vidonge vya kuzuia kuvuja wiki mbili nzima. Na ikianza kutoka nyingi, hata kama ni siku ya ishirini, arudi mbio, kuna dawa ya unga itakayochanganywa na maji maalumu na kuingizwa kwenye mshipa.

Alimsumbua kila mtu. Alimpigia mfamasia kuuliza kama unga upo kweli au ni wa kwenye karatasi. Mfamasia alipojibu upo, akaenda kuuona. Alisoma tarehe ya mwisho kwenye kila kisanduku. "Mama, hii ni hospitali, si stoo ya mashati," mfamasia akamwambia. "Ndiyo maana nasoma," Geuza akajibu.

Binti akazaa mchana, mtoto wa kike, kilo tatu, bila matata. Siku ya kwanza salama. Siku ya nne wakarudi nyumbani. Geuza akachukua likizo, akaweka kiti mlangoni pa chumba cha mzazi. Kila saa mbili aliingia na kufunua shuka. Mkwe wake akamwambia kwa upole, "Mama, mwache apumzike kidogo." Geuza akamtazama mkwe huyo kama aliyetumwa na adui.

Siku ya nane hakula. Siku ya tisa alivaa viatu tangu asubuhi.

Ilianza saa nne. Binti alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, nahisi kama imeongezeka." Geuza akafunua shuka, na akakiona kile alichokiona akiwa na miaka ishirini na miwili, doa lile lile linalotanuka huku unalitazama. Vidonge vya siku zote tisa binti alikuwa amevimeza, Geuza mwenyewe ndiye aliyekuwa akivihesabu. Hakuna mtu aliyekuja asubuhi ile. Hakuna aliyembonyeza tumbo, na kikombe kilichokuwa pembeni ya kitanda alikileta yeye, kwa mkono wake, maji ya moto na sukari.

Mkwe tayari alikuwa na ufunguo wa gari la jirani. Wakafika hospitali kabla ya saa tano. Geuza alitoa ile karatasi yenye mhuri mlangoni na kuiinua juu kama tiketi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona watu wa ofisi wakikimbia kwa sababu yake. Nesi alileta kile kichupa cha unga, akakiingizia maji polepole, akakizungusha kati ya viganja bila kukitikisa, maana kikitikiswa kinatoa povu. Kikaingia mshipani kidogo kidogo. Saa saba damu ilikuwa imepungua. Saa kumi ilikuwa imekatika. Mtoto alilia, akapewa ziwa, akanyamaza.

Binti alilala ameegemea mto, midomo imepauka, yuko hai. Tangu damu ilipoanza, muda ulikuwa umeshazidi ule wote aliopewa mama yake. Akafumbua macho.

"Leo ni siku ya tisa," akasema.

"Najua."

"Nenda kwa yule mkunga."

"Utapona kwanza, halafu..."

"Mama. Umenifundisha kumchukia tangu niko mdogo. Nilikuwa nikimwona njiani natema mate chini. Nenda."

Alikwenda siku ya pili yake, asubuhi, bila kuzungukia ghala la mbao. Mkunga alikuwa uani, ameinama kwenye beseni, mikono imejaa povu hadi viwikoni. Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda, lakini mikono ilikuwa bado mipana na yenye nguvu. Alimtambua mara moja. Akainuka, akaweka beseni kati yao.

"Safari hii nimemuua nani?" akauliza.

Geuza alikuwa amepanga maneno njia nzima, yote yakamkimbia. Akaeleza ovyo ovyo, akianzia kwenye jino, akarudi kwenye vichupa, akaruka kwenye unga. Alipofika kwenye siku ya tisa, mkunga akashuka chini na kuketi kwenye jiwe la kufulia.

"Ungekuja au usingekuja, mama, angevuja," Geuza akasema. "Ni damu yetu. Hata mimi ninayo."

"Na kikombe?"

Hili hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata binti.

"Kikombe nilikiosha mimi. Kilikuwa na maji ya sukari. Nilionja yaliyobaki. Nilijua siku ile ile. Nyumba ya kwanza nilisema ulimpa kitu. Walipouliza kitu gani, nikasema sijui. Nyumba ya pili nikasema kitu cheusi. Sikukiona cheusi. Nilitia chumvi kwa sababu waliniuliza, na kwa sababu nilitaka awepo mtu."

Mkunga alikausha mikono yake kwenye sketi, kidole kimoja kimoja. Alipoongea sauti yake haikupanda.

"Kilichokuwemo kwenye kikombe nilikijua, nilikichanganya mimi. Hicho hakikuninyima usingizi. Ila nilimbonyeza tumbo. Nikasema labda nimembonyeza vibaya. Labda niliacha kipande cha kondo ndani siku ya kuzaa. Watu wote wale hawawezi kukosea. Miaka ishirini na minne nafua nguo za watu na mikono hii, naitazama, naiambia: mmeua." Akaigeuza viganja juu, akaiangalia. "Kwa hiyo hawakuua."

"Hawakuua. Nisamehe, mama."

"Umeshamwambia nani mwingine?"

"Hakuna. Wewe ndiye wa kwanza."

Mkunga akacheka, cheko fupi lisilo na raha ndani yake. "Kwa nini uanze na mimi? Mimi nilikuwepo, maji ya sukari nilikuwa nayajua. Nenda kwa uliowaambia. Ulipita nyumba kwa nyumba, hukuchoka. Msamaha utanidai baadaye, kama mguu wako bado una nguvu." Akavuta beseni, akarudi kwenye nguo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ile ya kona, yenye mlango wa chuma. Mwenye nyumba alikuwa binti mdogo wakati ule, sasa ni mama wa watoto wanne, lakini Geuza alikumbuka kwamba alikuwepo, amesimama nyuma ya mama yake, anasikiliza. Akagonga. Mlango ukafunguka nusu, na mwanamke akamtazama kutoka viatuni mpaka usoni.

"Nimekuja kukuambia jambo," Geuza akasema. "Yule mkunga hakumuua dada yangu. Niliyoyasema wakati ule si kweli. Niliongopa."

Mwanamke akachungulia barabarani, upande huu na upande ule, kuona kama yupo mtu aliyesimama naye. Kisha akapunguza sauti, na mlango akausogeza ukabaki na ufa wa jicho moja.

"Amekutisha na nini," akauliza, "mpaka useme hivyo?"